Jack Parsons: fundi wa roketi aliyekuwa mshirikina

Kuna maneno ambayo kila aliyekulia huku kwetu Mbulu na Hanang ameyasikia, ama kwa mwalimu, ama kwa padri, ama kwa ofisa aliyekuja kijijini na gari la serikali: someni, mtaacha ushirikina. Maana yake ni kwamba ushirikina ni ugonjwa wa wasiokwenda shule na dawa yake ni darasa. Mazungumzo yakiendelea kidogo, utasikia na nyongeza yake: Mzungu kafika mwezini, sisi bado tuko kwa mganga.

Leo, ndugu msomaji, nataka nikusimulie habari za Mzungu mmoja ambaye alikuwa miongoni mwa watu waliowafungulia Wamarekani njia ya kwenda anga za juu, na wakati huohuo alikuwa kwa mganga. Tena niseme vizuri: hakuwa mteja, alikuwa mkuu wa kilinge. Asubuhi alikuwa kazini anachanganya mafuta ya roketi kwa ajili ya jeshi, usiku amevaa joho nyumbani kwake anaita mizimu. Jina lake ni John Whiteside Parsons, ila wengi wanamfahamu kama Jack Parsons. Ukimjua huyu bwana, hayo maneno ya "someni mtaacha ushirikina" utaanza kuyasikia kwa namna nyingine.

Haya, tuanze mwanzo.

Parsons alizaliwa Los Angeles, California, tarehe 2 Oktoba 1914. Ndoa ya wazazi wake ilivunjika angali mchanga. Alikuwa amepewa jina la baba yake, Marvel, lakini mama yake, Ruth, baada ya kuachana na mume hakutaka kulisikia tena jina hilo ndani ya nyumba, mtoto akaitwa John, na kwa marafiki Jack. Babu na bibi mzaa mama walikuwa na fedha, wakanunua nyumba Pasadena katika mtaa wa Orange Grove, mtaa wa matajiri. Huko ndiko alikolelewa, mtoto wa pekee, mpweke, mwenye vitabu vingi. Alipenda hadithi za Jules Verne na magazeti ya hadithi za kisayansi yaliyokuwa yakichapishwa Marekani wakati huo, yenye picha za watu wanaosafiri kwenda sayari nyingine.

Shuleni alionewa sana. Aliyemtetea ni kijana mmoja wa familia ya kawaida aitwaye Edward Forman, naye alikuwa mgonjwa wa hadithi hizohizo. Wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Walikuwa wakikamua baruti kutoka kwenye fataki na kutengeneza viroketi vyao, wakavirusha nyuma ya nyumba mpaka uwanja ukajaa mashimo na madoa ya moto. Upande wa pili wa maisha yake nao ulianza mapema. Parsons mwenyewe aliandika baadaye kwamba akiwa na miaka 13 alijaribu kumwita Shetani chumbani kwake, kisha akapatwa na hofu kubwa akaacha.

Kwa hiyo tangu utotoni mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Hakuwa mwanasayansi aliyepotoka ukubwani, wala mshirikina aliyejifunza sayansi baadaye.

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ukaifilisi familia, na babu akafariki. Kijana akaingia kazini katika kiwanda cha baruti cha Hercules. Alisoma kidogo vyuoni, ada ikamshinda. Hakupata shahada yoyote maisha yake yote. Hilo ulikumbuke, tutalirudia. Kemia yake aliipata kwa kushika vitu kwa mikono, kwa kunusa, kwa kuunguza na kuungua.

Katikati ya miaka ya 1930 Parsons na Forman wakaenda kubisha hodi Caltech, yaani Taasisi ya Teknolojia ya California iliyopo hapohapo Pasadena. Huko wakakutana na Frank Malina, mwanafunzi wa shahada ya juu chini ya Profesa Theodore von Kármán, Mhangari aliyekuwa bingwa wa elimu ya mwendo wa hewa. Malina alikuwa na hisabati, Parsons kemia, Forman ufundi wa mitambo. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho wenzake hawana. Baadaye walijiunga na wengine, akiwemo Mchina Tsien Hsue-shen, ambaye Marekani ilimshuku kuwa mkomunisti, akarudi kwao mwaka 1955 na kuwa baba wa roketi za China. Hiyo nayo ni makala ya siku nyingine.

Hapa kuna jambo linalochekesha ukilifikiria. Miaka hiyo, kwa wasomi wengi wa Marekani, roketi zenyewe zilikuwa kama ushirikina. Zilionekana ni mambo ya magazeti ya watoto. Mwaka 1920 gazeti la New York Times lilimkejeli Robert Goddard, mwanzilishi wa roketi wa nchi hiyo, kwa madai kwamba roketi haiwezi kusukuma kitu mahali pasipo na hewa. Neno lenyewe "roketi" lilitia aibu. Ndiyo sababu maabara iliyozaliwa na kundi la Parsons, ambayo leo inaendesha vyombo vya NASA vinavyokwenda sayari za mbali, inaitwa Jet Propulsion Laboratory. Waliandika "jet" ili wakubwa wasicheke.

Tarehe 31 Oktoba 1936 vijana hao walibeba mtambo wao mdogo hadi bonde kavu la Arroyo Seco, pembeni ya mji. Mafuta yalikuwa methanoli pamoja na gesi ya oksijeni. Walijaribu mara kadhaa. Mara ya mwisho mpira wa oksijeni ulichomoka ukiwa unawaka, ukaanza kujipiga huku na huku chini kama nyoka aliyekanyagwa, na mabingwa wetu wakatimua mbio. Hawakukata tamaa. Walirudi, wakabadilisha hiki na kile, na tarehe 16 Januari 1937 mtambo ukawaka kwa sekunde 44 bila kuharibika.

Baadaye walipewa nafasi ndani ya chuo. Jaribio moja likaharibika, moshi wa tindikali ukasambaa na kuacha kutu kwenye vifaa vya thamani vya maabara. Wakafukuzwa wakafanyie kazi nje. Wanafunzi wenzao wakawapachika jina la Kikosi cha Kujiua.

Kilichowaokoa ni vita iliyokuwa inanukia. Jeshi la anga lilikuwa na shida ya ndege nzito zisizoweza kuruka kutoka viwanja vifupi. Wazo likawa kuifunga ndege roketi ndogo za kuisukuma wakati wa kuruka. Mwaka 1939 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani iliwapa dola 1,000, kisha dola 10,000. Agosti 1941 ndege ndogo aina ya Ercoupe, rubani akiwa Kapteni Homer Boushey, iliruka kwa msaada wa roketi za Parsons na kutumia karibu nusu tu ya umbali wa kawaida. Siku chache baadaye waliing'oa pangaboi, ikaruka kwa nguvu ya roketi peke yake.

Sherehe haikudumu. Roketi zile za unga wa baruti ulioshindiliwa zilikuwa nzuri zikitumika zikiwa mbichi. Zikiwekwa ghalani siku kadhaa, joto la mchana na baridi ya usiku vinaupasua ule unga. Na ufa ndani ya roketi ni kifo. Mama yeyote anayepika kwa kuni anaelewa kwa nini: gogo zima linaungua taratibu, lakini ukilipasua vipande vipande linawaka lote kwa mara moja, kwa sababu moto unapata sehemu nyingi za kushika. Ufa mmoja ndani ya roketi unaupa moto uso mpya wa kula, gesi inazidi kuliko tundu linavyoweza kutoa, na chombo kinalipuka.

Mwaka 1942 Parsons ndiye aliyeleta jibu, na jibu lenyewe lilikuwa lami. Ndiyo, lami, hii hii ambayo watu wa Mbulu na Haydom wameililia kwa miaka mingi. Aliyeyusha lami, akachanganya na unga wa potasiamu pakloreti, kemikali inayotoa oksijeni ikipata moto. Lami ikawa kazi mbili: ni kuni, na ni gundi. Mchanganyiko ulimiminwa ukiwa wa moto ndani ya chombo, ukapoa, ukashikamana na kuta bila kupasuka. Ukiweka ghalani hauharibiki. Waliupa jina GALCIT 53.

Wataalamu waliofuata waliondoa lami wakaweka vitu vya jamii ya mpira, na pakloreti ya aina nyingine, lakini kanuni ilibaki ileile: changanya kuni na kitoa oksijeni katika gundi laini, mimina kwenye chombo, acha igande. Ndiyo kanuni ya makombora ya Polaris na Minuteman, na ya zile roketi mbili nyeupe zilizokuwa ubavuni mwa vyombo vya anga vya Marekani tulivyozoea kuviona kwenye picha. Na yote yalitoka kwenye kichwa cha mtu asiye na shahada.

Jambo hili lilifika hata kwetu Afrika Mashariki. Mwaka huohuo wa 1942 Parsons, Forman, Malina, von Kármán na wenzao walianzisha kampuni ya Aerojet ili kutengeneza roketi zao kwa wingi. Miaka 28 baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Roketi iliyoibeba, aina ya Scout, ilitumia mafuta yabisi tupu, na hatua yake ya kwanza ilitengenezwa na Aerojet. Wavuvi wa Ngomeni siku ile waliona moto ambao ukifuatilia ukoo wake unakufikisha kwenye lami ya Parsons.

Sasa tugeuze shilingi upande wa pili.

Januari 1939 Parsons alipelekwa na marafiki kwenye ibada moja mjini Los Angeles ya kundi liitwalo Ordo Templi Orientis, kwa kifupi OTO. Najua Wabongo tukisikia mambo ya majoho na milango iliyofungwa tunasema haraka "Freemason". Hili si lile. OTO lilikuwa kundi dogo lililokuwa chini ya Mwingereza Aleister Crowley, mtu aliyejiita Mnyama na namba yake 666, na ambaye magazeti ya kwao yalimwita mtu mwovu kuliko wote duniani. Crowley alidai kwamba mwaka 1904 akiwa Kairo alisomewa na roho kitabu cha dini mpya aliyoiita Thelema, dini inayoweka utashi wa mtu mbele ya sheria nyingine zote. Ndani yake kuna ibada, ngazi za cheo, na mizungu ya kuita roho na kuzitumikisha.

Parsons na mkewe Helen walijiunga Februari 1941. Mwaka 1942 akapanga jumba kubwa mtaa uleule wa utoto wake, Orange Grove, akalifanya makao ya kilinge, na muda si mrefu Crowley akamfanya kiongozi wake. Mishahara ya roketi ililisha nyumba nzima. Majirani walilalamika, polisi na FBI walikuja kuuliza maswali, hawakuona kosa la kumshtaki. Kazini hakuficha. Wenzake walikumbuka kwamba kabla ya kuwasha mtambo alikuwa akikariri kwa sauti utenzi wa Crowley wa kumsifu mungu Pan, huku anapiga miguu chini.

Tazama miaka, ndugu msomaji. 1942 ni mwaka wa lami na ni mwaka wa jumba la kilinge. Mtu mmoja, kichwa kimoja, mwaka mmoja.

Je, kilinge kilimpa nini? Helen alichukuliwa na Wilfred Smith, aliyekuwa kiongozi wa kilinge kabla yake. Parsons akawa na Sara, ndugu wa Helen, huku akisema kwamba wivu ni udhaifu ambao mtu wa Thelema anatakiwa kuushinda. Mwishoni mwa 1944 Aerojet iliuzwa kwa kampuni kubwa ya matairi, na wenye mali wapya hawakutaka vijana wa mlipuko na kilinge. Parsons na Forman walishawishiwa kuuza hisa zao. Parsons alipata kama dola 11,000. Kampuni ikaja kuwa na thamani ya mamilioni.

Mwaka 1945 akaja kupanga katika jumba lile mwandishi wa hadithi za kisayansi aliyetoka jeshi la majini, L. Ron Hubbard. Ndiyo, huyohuyo aliyekuja kuanzisha Scientology. Parsons alimpenda mno, akaona ana kipaji cha kuona yasiyoonekana. Sara akahamia kwa Hubbard. Parsons akameza. Kuanzia Januari hadi Machi 1946 wawili hao walifanya matambiko marefu ya kumshusha duniani mungu mke waliyemwita Babalon. Parsons anafanya, Hubbard anaeleza anachoona na kuandika. Katikati ya Januari, wakiwa jangwani, Parsons akatangaza kwamba jambo limetimia. Aliporudi nyumbani akamkuta mgeni, msichana mwenye nywele nyekundu, mchoraji, jina lake Marjorie Cameron. Parsons akaona huo ndio ushahidi, huyu ndiye aliyeletwa. Kumbe msichana alikuwa amekuja kutembelea nyumba ambayo kila siku ilikuwa na wageni wa kila aina. Baadaye mwaka huo walioana.

Ushahidi mwingine ulikuwa njiani. Parsons, Hubbard na Sara walifungua kampuni ya kununua mashua pwani ya mashariki na kuziuza pwani ya magharibi. Parsons aliweka karibu dola 21,000, takriban akiba yake yote. Hubbard aliweka kama dola 1,200. Sara hakuweka kitu. Hubbard na Sara wakaenda Miami na fedha, na habari zao zikakatika. Parsons akawafuata. Alipofika aliambiwa wameshatweka tanga. Akaingia chumbani hotelini, akachora duara, akamwita roho wa vita. Dhoruba ikairudisha mashua bandarini. Parsons alilihesabu hilo kuwa ushindi wa mizungu yake. Lakini kilichomrudishia sehemu ndogo ya fedha ni shauri alilofungua mahakamani, Julai 1946. Mizungu yote ya miezi mitatu haikumwonyesha jambo ambalo mlinzi wa getini angeliona siku ya kwanza.

Miaka iliyobaki ni ya kuteremka. Ilikuwa zama za woga wa ukomunisti, na serikali ikachimbua watu aliowahi kukaa nao. Kibali chake cha kufanya kazi za siri kilisimamishwa, kikarudishwa. Mwaka 1950, akiwa Hughes Aircraft, alichukua nyaraka za kampuni ili kuandaa maombi ya kazi ya roketi nchini Israel, akachunguzwa kwa ujasusi. Hakushtakiwa, lakini kazi iliisha, na mwaka 1952 kibali kikafutwa moja kwa moja. Mtu aliyewapa Wamarekani roketi zao akabaki anatengeneza milipuko ya sinema.

Tarehe 17 Juni 1952, siku chache kabla ya safari aliyopanga kwenda Mexico na Cameron, alikuwa kwenye maabara ya nyumbani akimalizia oda. Kukatokea mlipuko, ukafuatiwa na mwingine. Alifariki muda mfupi baadaye akiwa na miaka 37. Mama yake alipopata habari alijiua siku hiyohiyo. Wachunguzi walisema huenda aliangusha kopo alimokuwa akichanganya fulmineti ya zebaki, kitu ambacho hulipuka kwa kugongwa tu. Rafiki zake wengine hawakukubali, wakasema ameuawa au amejiua. Mwaka 1972 shimo moja kwenye mwezi, upande ule usioonekana kutoka duniani, lilipewa jina lake.

Sasa tuulize, tunajifunza nini?

Wapo watakaosema kwamba ni mizimu iliyompa ile lami. Wapo watakaosema alikuwa kichaa mwenye bahati. Mimi nadhani majibu yote mawili ni ya uvivu. Mtu huyo alikuwa na moyo mmoja, wa kuamini mambo ambayo wengine wanayacheka. Moyo huo ulimpeleka kwenye roketi wakati maprofesa wanacheka, na moyo huohuo ukampeleka kwa Crowley. Tofauti haikuwa ndani ya moyo wake. Tofauti ilikuwa katika mahali alipoupeleka.

Kule Arroyo Seco kulikuwa na kitu kinachoweza kumwambia hapana. Mpira ukichomoka, umechomoka, hata uwe umemsifu Pan mara mia. Kulikuwa na Malina mwenye hesabu zake, anayeweza kusema hapa umekosea. Roketi zilizopasuka ghalani zilihesabiwa sawa na zilizoruka, na kwa kuzihesabu ndipo ilipoonekana kwamba kosa liko kwenye ufa. Angekuwa anahesabu zilizoruka tu, asingefika kwenye lami.

Kwenye jumba la Orange Grove hapakuwa na kitu cha kumwambia hapana. Msichana akija, tambiko limefanya kazi. Asingekuja, tambiko lingerudiwa. Fedha zikiibwa, ni mtihani wa roho. Dhoruba ikija, ni roho wa vita. Kila jibu ni ndiyo. Na watu waliomzunguka walikuwa wanakula chakula chake na kulala chini ya paa lake, nani angemwambia? Akili iliyogundua ufa kwenye unga wa baruti haikuweza kugundua ufa kwenye rafiki.

Ndiyo maana nasema shule peke yake si dawa. Parsons hakuwa na shahada, akafanya sayansi ya kweli. Na wapo wenye shahada mbili ambao hawajawahi kufanya jaribio hata moja maishani mwao. Shuleni tunafundishwa majibu ya sayansi: radi ni umeme, malaria inaletwa na mbu. Tunakariri, tunafaulu. Lakini ile tabia ya Arroyo Seco, ya kujaribu, kuandika na kuhesabu pia yaliyoshindikana, hiyo wengi tunamaliza shule hatujaionja. Kwa hiyo radi ikipiga zizi, jibu la mtihani linabaki kwenye daftari, na sisi tunauliza ni nani ametutumia.

Ushahidi tunao. Mwaka 2011, kule Samunge, Loliondo, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, Babu, alipogawa kikombe cha shilingi 500, foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Hayakuwa magari ya wasiosoma. Walikuwemo wakubwa wa serikali. Mbaya zaidi ni yale mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, yaliyofikia hatua ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda kutangaza kufuta leseni za waganga mwezi Januari 2009. Viungo vya binadamu vilitajwa kwa bei ambazo mkulima wa jembe la mkono hana. Walioua wanaweza kuwa maskini, lakini mnunuzi ni mtu mwenye fedha, mwenye biashara, pengine mwenye cheti ukutani. Tukiendelea kusema ushirikina ni wa wasiosoma, tunamfichia mtu huyo.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi wazee wetu walikuwa wajinga. Qwaslarmo wa Wairaqw alikuwa anategemewa kwa mvua na tiba, na Wadatoga mpaka leo wanamsimulia Saigilo, nabii wao. Watu hao walibeba hofu na matumaini ya jamii nzima, na hiyo ni historia yenye heshima yake. Wala simdharau mtu anayejua mti upi unatuliza tumbo, maana dawa ya tumbo inapimika: tumbo linapoa au halipoi. Ninachosema ni kwamba swali la kumuuliza mganga, mchungaji, daktari, mwanasiasa na hata mwandishi wa habari ni lilelile moja: ni kitu gani kikitokea utakubali kwamba umekosea? Asiye na jibu la swali hilo, shika mfuko wako.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka mlima Hanang na kufunika sehemu za Katesh na Gendabi, watu kwa makumi wakafa. Uvumi ukaanza siku ileile, wengine wakisema volkano imefufuka. Wataalamu wa jiolojia walipochunguza walisema hapana, si volkano, ni sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu iliyonyonya maji ya mvua ikameguka. Jibu hilo halikurudisha marehemu. Lakini linatupa kazi ya kufanya: kuangalia upande gani wa mlima umelegea, wapi tusijenge, mvua ikizidi nani ahame. Jibu la ushirikina lingetupa mtu wa kumlaumu, na mlima ungebaki palepale ukisubiri mvua nyingine.

Basi tukirudi kwa vijana wetu wa Dongobesh, Haydom, Basotu na Katesh, nadhani badala ya kuwaambia "someni mtaacha ushirikina", tuwape kila mmoja daftari. Waandike mvua ilinyesha lini na wapi, mbegu ipi iliota na ipi ilikufa, nani alitabiri nini na ikawaje. Waandike yote, hasa yaliyoshindikana. Parsons alikuwa na daftari la namna hiyo kwa ajili ya roketi zake. Kwa maisha yake hakuwa nalo.

Tafakari, kisha tuendelee na kazi.